Maafisa wa ubora wakishaondoka, shule inabaki na nini?

Swali hili limetoka kwa mwalimu wa shule ya msingi ya umma upande wa Embakasi, hapa Nairobi. Nimelifupisha kidogo:

“Nafundisha Gredi ya 4, darasa la watoto zaidi ya sabini. Mwalimu mkuu ametutangazia kwamba maafisa wa ubora na viwango watafika wiki ijayo. Tangu siku hiyo hakuna anayefundisha sawasawa. Tunajaza maazimio ya kazi, tunatafuta rekodi za muhula uliopita, tunabandika chati ukutani. Mwenzangu mmoja presha imempanda. Nataka uniambie ukweli: maafisa hawa wakija, shule huimarika, au sisi walimu tunachoshwa bure? Na wakiingia darasani kwangu nifanye nini?”

Mwalimu, pole kwa wiki hiyo. Nimewahi kukaguliwa nikiwa mwalimu, nimewahi kukagua nikiwa afisa, na siku hizi kazi yangu ni kuwanoa walimu wakuu. Kwa hivyo swali lako nalijua kutoka pande zote. Jibu langu ni kwamba ukaguzi hubadilisha kile hasa kinachokaguliwa. Afisa akikagua faili, faili zitanyooka. Akikagua vyoo, bodi itatafuta pesa za vyoo. Akikagua namna mtoto anavyojifunza kutoa na kujumlisha, kisha akarudi baada ya wiki chache kuona kama kuna kilichobadilika, hapo ndipo ufundishaji wenyewe hubadilika. Kinachowachosha ninyi ni kwamba faili ndizo rahisi kukagua, na kurudi ndiko kugumu kuliko yote.

Kwanza ujue ni nani hasa anakuja, kwa sababu walimu wengi huwaweka wote kwenye kapu moja. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inawapa maafisa wa ubora na viwango wa Wizara ya Elimu uwezo wa kuingia katika shule yoyote saa zinazofaa, wakiwa wametoa taarifa au bila taarifa, na kuomba waonyeshwe ratiba, rekodi na kazi za wanafunzi. Hawa ndio waliokuwa wakiitwa mainspekta zamani. Jina lilibadilishwa mwanzoni mwa miaka ya 2000 ili waonekane washauri zaidi kuliko askari, ingawa katika shule nyingi woga wa zamani umebaki palepale. Kando yao kuna Tume ya Huduma za Walimu, TSC, mwajiri wako, yenye maafisa wake wa kusaidia mtaala katika kila zoni na mfumo wake wa kutathmini utendakazi, TPAD, ulioanza kutumika mwaka 2016. Chekechea ni jukumu la serikali ya kaunti. Afisa wa afya ya umma naye ana lake la kusema kuhusu jiko na maji. Kila mmoja ana fomu yake, na fomu hizo hazizungumzi zenyewe kwa zenyewe. Mwalimu ndiye anayezijaza zote. Uchovu unaouhisi una chanzo, na chanzo hicho hakiko kwako.

Kuna eneo moja ambalo sina shaka nalo hata kidogo. Tarehe 23 Septemba 2019, jengo la shule moja liliporomoka Ng'ando, Dagoretti, asubuhi watoto wakiwa madarasani, na watoto wakafa. Septemba 2024 moto uliteketeza bweni huko Endarasha, Nyeri, na wavulana 21 wakapoteza maisha. Kanuni za usalama wa shule zilikuwa zimekwisha kuandikwa tangu mwaka 2008: nafasi ya mita 1.2 kati ya kitanda na kitanda, milango ya bweni ifunguke kwa nje, madirisha yasiwe na vyuma vya kumzuia mtoto kutoka. Kanuni zilikuwepo. Kanuni haiwezi kupima bweni, wala kugonga ukuta kusikia kama una nondo ndani. Inahitaji mtu mwenye mamlaka atakayefika, atakayeona, na atakayesema shule hii haifunguliwi mpaka hapa parekebishwe. Anayetaka ukaguzi ufutwe kabisa nitamwomba aende Ng'ando kwanza akaongee na wazazi.

Kwa mambo ya namna hiyo ziara moja ya ghafla yaweza kutosha. Mlango ama unafunguka kwa nje ama haufunguki. Rejista ya mahudhurio ama inalingana na watoto walioketi ama hailingani. Mwalimu yupo darasani au hayupo. Afisa mwenye macho anaweza kuyaona hayo kabla ya chai ya saa nne.

Ufundishaji ni habari nyingine, na hapa naomba univumilie nirudi nyuma kidogo, kwa sababu mfumo wetu tuliurithi. Serikali ya Uingereza iliteua wakaguzi wake wa kwanza wa shule mwaka 1839. Mwaka 1862 ikaenda mbali zaidi: ikaamua kwamba pesa za shule zitategemea watoto watakavyojibu mkaguzi katika kusoma, kuandika na hesabu. Walimu wakafanya lile ambalo binadamu yeyote angefanya. Waliwakaririsha watoto kitabu kilekile mwaka mzima hadi wakakijua kwa moyo, na historia na jiografia zikasukumwa pembeni kwa kuwa hazikuwa na malipo. Matthew Arnold, mshairi ambaye pia alikuwa mkaguzi wa shule, aliupinga utaratibu huo hadharani, lakini ilichukua zaidi ya miaka thelathini kuuondoa kabisa.

Huku kwetu ukaguzi uliletwa pamoja na utawala wa kikoloni, na kazi yake haikuwa kumsaidia mwalimu Mwafrika tu. Ripoti ya Beecher ya mwaka 1949 ilitaka shule za Waafrika zisimamiwe kwa ukali zaidi, na ilipofika Hali ya Hatari ya mwaka 1952 shule za kujitegemea za Wagikuyu zilifungwa. Kwa hivyo babu zetu walipoona gari la inspekta likikata kona, walikuwa na sababu ya kuogopa. Woga huo umepokezanwa kutoka chumba kimoja cha walimu hadi kingine, na hata leo utamsikia naibu wa mwalimu mkuu akinong'ona, “Wamefika!”

Sasa nikuonyeshe kitu kimoja kwa karibu. Chukua daftari la hesabu la mtoto yeyote wa Gredi ya 4 anayesuasua. Utakuta swali kama 52 kutoa 17. Mtoto ameandika 45. Chini yake kuna 63 kutoa 28, naye ameandika 45 tena. Mwalimu ametia alama ya kosa kwa wino mwekundu na tarehe. Ukurasa unaofuata, 71 kutoa 36: 45. Kosa tena, wino mwekundu, tarehe. Mtoto huyu si mvivu na wala habahatishi. Ana kanuni yake anayoifuata kwa uaminifu: katika kila safu anatoa namba ndogo kutoka kwa kubwa, bila kujali ipi iko juu. Saba na mbili, anaandika tano. Tano na moja, anaandika nne. Hajaelewa kwamba anaweza kuazima kumi kutoka safu ya jirani. Kwa kumkalisha na vijiti vilivyofungwa kumikumi, afungue fungu moja kwa mikono yake, tatizo hilo mara nyingi huisha siku hiyohiyo.

Sasa fungua faili ya mwalimu wake. Azimio la kazi lipo, limepigwa muhuri. Andalio la somo lipo, lina malengo, nyenzo na tafakari. Rekodi ya kazi inasema: “Kutoa namba za tarakimu mbili. Somo lilifaulu.” Afisa anayesoma faili pekee ataondoka ameridhika, na ripoti itasema hati za kitaaluma zimeandaliwa vyema. Afisa anayefungua daftari la mtoto atajua kwa dakika tatu kwamba kuna kundi la watoto wanaobeba kosa moja tangu muhula wa kwanza. Wote wawili wamekagua darasa lilelile, lakini mmoja tu ndiye aliyeliona.

Ndiyo maana siwalaumu walimu wanaokesha wakijaza karatasi. Wamejifunza kutokana na yale wanayoulizwa. TPAD ilipoanza, chama cha walimu, KNUT, kiliipinga vikali, na malalamiko makubwa ya walimu hayakuwa kwamba hawataki kutazamwa wakifundisha. Wengi wangefurahi kutazamwa na mtu anayejua somo. Malalamiko yalikuwa juu ya saa zinazoliwa na kujaza fomu mtandaoni na kukusanya ushahidi wa kila jambo, katika shule ambazo nyingine hazina hata kompyuta ya walimu. Naona haki katika malalamiko hayo. Kumtathmini mwalimu ni jambo jema, na somo kutazamwa kila muhula ni jambo jema zaidi. Lakini naibu mwenye vipindi vyake mwenyewe, anayetakiwa kuwatazama wenzake wote na kuwapa alama kabla ya muhula kufungwa, atafanya nini? Ataweka sahihi. Wote wanajua ameweka sahihi tu, na zoezi zima linapoteza heshima.

Umeuliza kama shule huimarika kweli. Watafiti wamelichunguza hilo katika nchi kadhaa, na majibu yao hayafanani. Mwaka 2004 mwanauchumi Leslie Rosenthal alionyesha kwamba katika shule za sekondari za Uingereza, matokeo ya mtihani yalishuka kidogo katika mwaka ule shule ilipokaguliwa. Ukiifikiria wiki yenu ya sasa, huhitaji kuelezwa sababu. Baadaye, mwaka 2012, Rebecca Allen na Simon Burgess walilinganisha shule zilizoanguka ukaguzi kwa nafasi ndogo na zile zilizoponea chupuchupu, wakakuta zile zilizoanguka zilipanda zaidi katika miaka iliyofuata. Yaani shinikizo lina nguvu fulani. Ila kumbuka kwamba shule iliyoanguka kule hutembelewa tena na tena hadi iinuke. Haiachwi na ripoti mezani.

India inatupa funzo lililo karibu zaidi na hali yetu. Katika jimbo la Madhya Pradesh, serikali ilianzisha mpango mzuri kwenye karatasi: kila shule ikaguliwe, ipewe alama, kisha itengenezewe mpango wake wa kujiimarisha. Karthik Muralidharan na Abhijeet Singh waliufuatilia kwa utafiti makini na kuchapisha matokeo mwaka 2020. Ukaguzi ulifanyika na mipango iliandikwa. Lakini utoro wa walimu haukupungua, na watoto hawakujifunza zaidi ya wenzao katika shule zisizokuwa na mpango huo. Hata hivyo mpango ulionekana umefaulu kwa kuwa karatasi zote zilijazwa, na ukapanuliwa kufikia zaidi ya shule 600,000. Nikisoma habari hiyo huwa nahuzunika, kwa sababu naiona Nairobi ndani yake.

Lakini tusiende mbali kutafuta mfano wa kututia moyo, maana tunao hapa nyumbani. Mwaka 2015 mpango wa kufundisha kusoma uitwao Tusome ulianza kusambazwa katika shule za msingi za umma nchini kote, ukafikia baadaye darasa la kwanza hadi la tatu, kwa Kiswahili na Kiingereza. Kila mtoto alipata kitabu chake na mwalimu akapata mwongozo. Maafisa wa kusaidia mtaala walipewa tableti. Afisa alikuwa akiketi nyuma ya darasa, anatazama somo zima, kisha anawaita watoto watatu bila kuwachagua na kuwasikiliza wakisoma kwa sauti. Baadaye anakaa na mwalimu na kuzungumza naye juu ya jambo moja au mawili ya kurekebisha. Nauli ya afisa ililipwa kulingana na madarasa aliyoyatazama kweli, na tableti ndiyo iliyothibitisha kwamba alifika. Usomaji wa watoto ulipanda waziwazi. Vitabu vilichangia sana, sitaki kuupa ukaguzi sifa zote. Lakini nakuomba utazame ule utaratibu: afisa alikuja kwa ajili ya somo, akamsikiliza mtoto, akaongea na mwalimu siku ileile, na alikuwa na nauli ya kurudi. Haya yote yalifanywa na maafisa wetu wenyewe, katika barabara zetu za matope. Hakuna anayeweza kuniambia kwamba hatuwezi.

Jambo la nauli si dogo. Kaunti ndogo moja ya Nairobi ina shule za umma, shule za kibinafsi, na zile shule za mitaa ya mabanda za Mukuru, Mathare na Kibra ambazo nyingine ziko ndani ya vyumba vya mabati kati ya nyumba za watu. Maafisa ni wachache na magari ni machache zaidi. Afisa akifika kwenu mara moja tu katika kipindi kirefu, atajaribu kuona kila kitu kwa siku moja, na njia pekee ya kuona kila kitu kwa siku moja ni kusoma faili.

Kisha kuna yale mapendekezo. Nimesoma ripoti inayomwagiza mwalimu mkuu “aongeze madarasa ili kupunguza msongamano.” Shule ya msingi ya umma hupangiwa shilingi 1,420 kwa kila mtoto kwa mwaka, na mara nyingi pesa hizo huchelewa. Madarasa mapya katika shule nyingi hutoka kwenye hazina ya maendeleo ya eneobunge, ambako mwalimu mkuu ni mwombaji kama waombaji wengine. Pendekezo kama hilo limeandikwa kwa mtu asiye na uwezo wa kulitekeleza. Mwaka unaofuata ataulizwa kwa nini hakulitekeleza, na atajisikia mwenye hatia kwa kosa lisilo lake. Ripoti ya haki ingetenganisha yanayomhusu mwalimu, yanayomhusu mwalimu mkuu na bodi, na yanayoihusu Wizara yenyewe.

Kuhusu mwenzako mwenye presha, tafadhali usilichukulie jambo hilo kama la kawaida ya msimu wa ukaguzi. Huko Uingereza shirika la ukaguzi, Ofsted, lilikuwa na desturi ya kuipa kila shule hukumu ya neno moja au mawili. Ruth Perry, mwalimu mkuu wa shule ya msingi mjini Reading, alijitoa uhai Januari 2023 baada ya shule yake kushushwa kutoka daraja la juu kabisa hadi la chini kabisa. Desemba mwaka huohuo afisa wa kuchunguza vifo aliamua kwamba ukaguzi ule ulichangia kifo chake. Septemba 2024 serikali ikaziondoa hukumu hizo za jumla. Mpeleke mwenzako kituo cha afya apimwe wiki hii, usingoje wageni waje na kuondoka. Na kama mwalimu mkuu wenu ni mtu wa kusikia, mwambie ukweli kwamba yeye ndiye kipaza sauti cha woga: akiingia chumba cha walimu akisema “mtaniaibisha,” kila mtu atakesha. Akisema “tuwaonyeshe tulipofika na tulipokwama,” watu watalala.

Sasa, ufanye nini. Usijaze rekodi za wiki ambazo hukufundisha. Kalamu moja na mwandiko wa kasi moja kwa kurasa ishirini hujulikana mara moja, na madaftari ya watoto yatakusaliti yakilinganishwa na rekodi. Kama uko nyuma ya azimio kwa wiki mbili, andika kwamba uko nyuma kwa wiki mbili, na useme kwa nini. Afisa anayestahili kazi yake atakuheshimu kwa hilo zaidi ya faili lisilo na doa.

Usiwafundishe watoto somo la maonyesho. Watoto wa Gredi ya 4 hawajui kuigiza, na kuna mmoja atakayesema kwa sauti, “Mwalimu, hii si tulifanya jana?” Fundisha somo linalofuata kwenye ratiba. Mpe afisa kiti nyuma, andalio lako, na madaftari matatu: la mtoto anayeongoza, la wa katikati, na la yule anayekunyima usingizi. Hilo la tatu ndilo muhimu. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, lakini mwenyeji hawezi kupona akimficha mgeni mahali panapouma.

Somo likiisha, kabla hajatoka mlangoni, muulize swali moja mahususi. Usiseme “Nimefanyaje?” kwa kuwa jibu lake ni “Vizuri, endelea.” Sema: “Nina watoto kama kumi hawajui kuazima katika kutoa, na darasa lina zaidi ya sabini. Ungekuwa wewe ungewapangaje?” Afisa aliyewahi kufundisha atavuta kiti. Dakika kumi za mazungumzo hayo zina faida kwa darasa lako kuliko kurasa zote za ripoti. Kama hana jibu, utakuwa umejua kwamba msaada utautafuta kwingine, pengine kwa mwenzako wa Gredi ya 3 ambaye watoto wake wanajua.

Walimu wote wakae na maafisa kabla hawajaondoka, hata kama ni nusu saa chini ya mti. Katika shule nyingi mazungumzo hayo hufanyika ofisini kwa mwalimu mkuu mlango ukiwa umefungwa, na walimu huambiwa yaliyosemwa wakiwa wamechujiwa nusu yake. Ombeni mapema, kwa adabu, kupitia mwalimu mwandamizi. Ripoti ikifika, msijaribu kutekeleza mapendekezo yote. Chagueni mawili yanayomgusa mtoto moja kwa moja, muyape tarehe na mtu wa kuyafuatilia, na yale ya pesa yapelekwe kwenye kikao cha bodi ya usimamizi yaandikwe kwenye kumbukumbu, ili mwakani isionekane kwamba shule ilinyamaza.

Na ukiona ripoti imesema jambo lisilo kweli juu ya darasa lako, usiishie kulalamika kwenye kundi la WhatsApp. Andika ukurasa mmoja, utaje siku, kipindi na kilichotokea, bila matusi na bila kumtaja mwenzako. Mwombe mwalimu mkuu auambatishe na ripoti kwenye faili ya shule na apeleke nakala kwa mkurugenzi wa elimu wa kaunti ndogo. Utie tarehe na sahihi, na ubaki na nakala yako.